Amani Isemwe Kwetu Kwanza: Wito kwa Watu wa Ngaremara

Ndugu zangu wa Ngaremara, na majirani wote wa Isiolo, nawaandikia juu ya jambo tunaloliomba kila siku na kulisema mara chache. Amani tunaiombea kanisani na msikitini. Chifu hafungi baraza bila kuitaja. Lakini vijana wanapokaa kivulini kupanga safari ya kulipiza kisasi, na kila mtu mzima anajua wanapanga nini, midomo hufungwa. Mzee hutazama pembeni, mama huendelea kukamua, na kesho yake sote tunauliza serikali ilikuwa wapi.

Swali hilo la serikali ni la haki na lazima tuendelee kuliuliza. Polisi wana wajibu wao, na familia iliyonyang'anywa mifugo ina haki ya kuona wezi wakifikishwa mahakamani. Hata hivyo, kuna sehemu ya kazi hii ambayo hakuna askari awezaye kutufanyia, nayo ni kusema na watu wetu wenyewe, kwa lugha yao, kabla ya risasi ya kwanza. Ninachowaomba ni hicho. Kila mmoja aiseme amani kwa chombo alicho nacho, iwe wimbo, ukuta wa duka, meza ya sokoni, redio au simu, na aiseme kwa watu wa upande wake kwanza.

Ngaremara ni moja ya wadi kumi za Kaunti ya Isiolo, kando ya barabara kuu inayotoka mjini Isiolo kwenda Archer's Post, Marsabit na Moyale. Wengi wa wakazi wake ni Waturkana. Ukivuka mto Ewaso Ng'iro upande wa kaskazini uko kwa Wasamburu, mashariki kuna Waborana na Wasomali, na kusini kuna Wameru. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo watu wa asili mbalimbali namna hii wanategemeana kwa chakula cha kila siku. Mama wa Kiturkana anauza makaa na mbuzi, na pesa hizo anazipeleka kwa mama wa Kimeru mwenye kabichi na viazi. Mjini Isiolo, akina mama wa ushirika wa Anolei wanakusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji wa mbali, wanayatia kwenye madebe ya plastiki na kuyapakia kwenye basi la kwenda Eastleigh, Nairobi. Maziwa hayo hayasubiri. Barabara ikifungwa nusu siku kwa sababu ya milio ya bunduki, yanaharibika, na hasara inawafikia mchungaji aliyekamua alfajiri, kijana wa bodaboda aliyeyabeba, mama aliyeyachuja, na mtoto wa Eastleigh aliyekuwa akiyasubiri.

Tunajua gharama yake kwa sababu tumekwisha kuilipa. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, mwaka mmoja hivi kabla ya ugatuzi kuanza, Isiolo iliingia katika mauaji ya kulipizana yaliyowagusa Waturkana, Waborana, Wasamburu na Wasomali. Familia zilihama manyatta zao usiku, na shule zikafungwa. Sababu zilikuwa nyingi na bado zipo. Kuna malisho na maji, mpaka wa Isiolo na Meru ambao haujamalizika kuzungumzwa, ardhi iliyopanda bei ghafla watu waliposikia habari za mradi wa ushoroba wa uchukuzi wa LAPSSET, na hesabu za nani atashika kiti gani katika kaunti mpya. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikashindwa mfululizo, na kila kisima kikawa na wenyewe. Sidanganyi mtu kwamba wimbo utamaliza hayo yote. Ninachosema ni kwamba kati ya sababu hizo na mtu kuuawa, daima kuna mtu aliyesema neno na mwingine aliyenyamaza.

Kwa hiyo tuwatazame waliosema.

Mwaka 1992 mapigano yalizuka Wajir baina ya koo za Kisomali. Katika miaka michache iliyofuata watu zaidi ya elfu moja waliuawa. Usiku mmoja, mwanamke kijana aliyeitwa Dekha Ibrahim Abdi alijificha chini ya kitanda na mtoto wake huku risasi zikilia nje. Kulipokucha, mama yake alimsimulia kwamba katika miaka ya sitini, wakati wa vita vya shifta, naye alijificha hivyohivyo akiwa amemkumbatia yeye Dekha mdogo. Bibi, binti na mjukuu, wote wamepitia chini ya kitanda. Dekha alitoka hapo akiwa na uchungu wa kutenda jambo.

Yeye na wenzake wachache hawakusubiri mkutano wa viongozi. Walianza sokoni, kwa sababu vita vilikuwa vimeshaingia huko. Wanawake walikuwa wamefika mahali pa kukataa kuuziana na kununuliana kwa sababu ya ukoo, na wengine walipigana hadharani. Wakakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote atauza na kununua bila kuzuiwa. Wakaweka wanawake wa kuangalia jinsi soko linavyokwenda siku kwa siku, na kamati ya kuita pande mbili palipotokea ugomvi. Soko lilipotulia ndipo walipowaendea wazee, na hapo walitumia akili nzuri sana. Waliomba wazee wa koo ndogo, ambazo hakuna aliyeziogopa, wawe ndio wa kuwaita wazee wa koo kubwa mezani. Septemba 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah. Vijana wakaingia, wafanyabiashara wakaingia, na kufikia 1995 kamati yao ilikuwa imepewa nafasi katika muundo wa maendeleo wa wilaya. Kamati za amani tunazoziona leo katika kaunti nyingi za Kenya zimejifunza mengi kutokana na kazi hiyo. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na aliaga dunia Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Napenda sana kwamba walianza sokoni. Hawakuwahutubia adui zao. Kila mwanamke alirudi kwa watu wake na kuwaambia: mimi nitanunua kwa yule, na nyinyi mtaniacha ninunue. Hilo ni jambo gumu kuliko kuandamana dhidi ya watu wa upande mwingine, na ndilo lililofanya kazi.

Sasa nije kwa nyimbo, maana hapa ndipo penye nguvu yetu kubwa na aibu yetu kubwa.

Katika jamii nyingi za wafugaji wa kaskazini, wimbo wa msichana ulikuwa na uwezo wa kumtoa morani nyumbani. Aliyerudi na ng'ombe wa jirani aliimbwa kwa jina. Aliyebaki kuchunga mbuzi wa mama yake aliimbwa pia, lakini kwa kejeli, na kijana wa miaka kumi na minane aliyechekwa mbele ya wasichana kwenye ngoma ya usiku hahitaji mchochezi mwingine. Dada zangu, tukubali kwamba damu nyingine imemwagika baada ya sisi kuimba. Tukishakubali hilo, tunaona pia kwamba ufunguo uko mikononi mwetu. Kama edonga, ngoma ya Kiturkana, inaweza kumsifu mwizi, inaweza kumsifu kijana aliyefuata nyayo za mbuzi wa jirani hadi akawapata na kuwarudisha. Mwanamume wa Kiturkana anamtungia wimbo dume wake anayempenda, akataja rangi yake na pembe zake. Atungwe basi wimbo wa dume aliyezeeka nyumbani kwa sababu hakuna aliyekuja kumchukua.

Hili limewahi kufanyika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wanawake wa Turkana na wa Karamoja upande wa Uganda walifanya misafara ya amani iliyoitwa Alokita. Waliingia katika maboma ya jamii waliyozoea kuiita adui, wakaimba na kuwaambia wanaume waziwazi kwamba wamechoka kuzika. Walipewa msaada wa usafiri na mipango, lakini nyimbo na ujasiri vilikuwa vyao wenyewe.

Kwa Wapokot kuna mkanda uitwao leketyo, ambao mama huuvaa anapokuwa mjamzito. Umeshonwa kwa shanga na ngozi, na unaheshimiwa kwa sababu umebeba uhai. Mama akiuvua na kuuweka chini kati ya wanaume wanaopigana, wanaume hao wanapaswa kusimama, maana kuuvuka ni kujiitia laana. Ila mkanda huohuo, mwana akienda vitani, mama aliweza kuuvaa ili umlinde huko aendako. Mama yuleyule, mkanda uleule. Kila mama anajua moyoni ni lini aliuvaa na ni lini aliuvua. Sisi wa Ngaremara tuna baraka zetu na laana zetu zenye uzito uleule. Nawaomba akina mama wazee, mtakapoombwa baraka na kijana ambaye mnajua anakwenda kuiba au kuua, mnyimeni, na mmnyime mbele ya watu.

Vijana, nanyi msidhani haya ni mambo ya wazee tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilipowaka, na watu 1,133 wakafa kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, kijana mchoraji wa Kibera, Solomon Muyundo anayejulikana kama Solo 7, alichukua rangi na brashi akapita akiandika maneno ya kuomba amani ukutani, kwenye mabati, kwenye vibanda, hata barabarani palipokuwa pamechomwa matairi. Hakuwa na cheo. Hakutumwa na shirika. Picha za maandishi yake zilienda dunia nzima, lakini waliokusudiwa walikuwa jirani zake, waliokuwa wakipita pale na mawe mkononi. Mwaka 2009, mpigapicha Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani, maonyesho ya picha za ghasia hizo yaliyotandazwa mitaani katika miji mbalimbali, ili watu wasimame wajitazame na kuzungumza juu ya walichokifanya.

Ngaremara ina kuta kando ya barabara kuu ambazo kila dereva wa lori la ng'ombe kutoka Moyale anazisoma akipita. Kwa sasa zinatangaza sabuni na kampuni za simu. Mwombeni mwenye duka ruhusa, chukueni rangi. Ila msiandike neno amani peke yake, kwa sababu limeandikwa hadi halisomeki tena. Andikeni ahadi inayoweza kupimwa: Mbuzi wa jirani akipotea akaingia kwetu, tutamrudisha. Mkiandika hivyo kwa Kiturkana, Kisamburu, Kiborana, Kimeru na Kiswahili, na kijiji cha pili kikaandika vivyo hivyo, kila mtu atakuwa na kitu cha kuwadai wenzake. Kanuni ya zamani ya wafugaji inasema kwamba nyayo za mifugo iliyoibwa zikiishia kwenye boma lako, wewe ndiwe wa kujibu. Ukuta huo utakuwa unaikumbusha kanuni hiyo mchana kutwa.

Na simu. Uvumi wa leo hausubiri mtu kutembea kutoka kijiji cha Daaba hadi Gotu, unafika kabla mtu hajavaa viatu. Mnamo 2010, wakati wa kura ya maoni ya Katiba, jukwaa la Uwiano liliwawezesha wananchi kutuma ujumbe wa bure kupitia nambari maalumu kueleza dalili za vurugu, na kura hiyo ikapita kwa utulivu. Wazo lile ni la kuiga hata bila nambari ya aina hiyo. Katika kila kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisa, la msikiti au la waendesha bodaboda, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza maswali mawili kabla habari haijasambazwa: nani aliyeona kwa macho yake, na jirani wa upande wa pili amepigiwa simu? Mtu huyo awe na nambari za watu watatu au wanne wa jamii nyingine, watu anaowaamini na wanaomwamini. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi uko kwenye kidole gumba. Hali kadhalika redio zetu za Isiolo, kama Radio Shahidi na Baliti FM. Tusizipigie tu kuomba nyimbo. Baba aliyerudishiwa ng'ombe wake na mtu wa kabila jingine apige aeleze hewani, ataje kijiji na amshukuru aliyemrudishia, kama mwenyewe amekubali kutajwa. Habari za wizi tunazisikia kila siku. Habari za kurudisha zinabaki kuwa siri ya watu wawili.

Wazee wangu, nina neno nanyi, na nawaomba mlipokee kwa heshima ninayowapa. Mnayo kazi kubwa mliyokwisha kuifanya. Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walikubaliana Lokiriama mwaka 1973, wakazika silaha ardhini, na hadi leo watu hukusanyika pale kukumbuka siku hiyo. Zaidi ya miaka hamsini, na mahali palipozikwa mikuki bado panatembelewa! Hata sisi tunaweza kuwa na mahali petu. Mwaka 2001 wazee walikutana Modogashe na kutoa azimio lililoweka utaratibu wa kurudisha mifugo, kushirikiana malisho na kulipa fidia. Humo iliandikwa kwamba mwanamume akiuawa walipwe ng'ombe 100, na mwanamke 50.

Hapa sinyamazi. Mama anayechota maji kilomita kadhaa, anayekamua, anayejenga manyatta, anayeuza makaa ili mtoto alipe karo, damu yake ni nusu? Najua mila zina mizizi yake na najua azimio lile liliokoa maisha ya wengi. Lakini kama wanawake wangekaa katika kikao kile kwa idadi ya kutosha, sidhani hesabu ile ingepita. Amani inayotoka katika kikao cha nusu ya jamii itaheshimiwa na nusu ya jamii. Naomba kila kikao cha wazee kitakachohusu Ngaremara na jirani yeyote kiwe na akina mama na vijana wenye haki ya kusema, wasiwekwe tu nyuma kupika chai. Profesa Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 alisimulia jinsi mzee wa Kikuyu alivyoweza kuweka fimbo ya mti wa thigi kati ya watu wawili wanaogombana nao wakaacha ugomvi wakatafuta suluhu. Yeye na Green Belt Movement walipanda miti ya amani wakati wa mapigano ya kikabila. Mwanamke aliichukua ishara ya wazee wa kwao akaifanya ya watu wote. Hilo halikuwapunguzia wazee heshima hata kidogo.

Njia ni nyingi, na nyingine ziko karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York mwaka 1994, alianzisha wakfu wake wa amani mwaka 2003 na akawakimbiza pamoja vijana wa jamii zilizokuwa zikiwindana. Kando ya Ewaso Ng'iro, tangu 2013 watu wamekuwa wakitembea na ngamia kijiji hadi kijiji, wakikaa jioni kuzungumza juu ya mto unaopungua maji na jinsi ya kuugawana. Shirika la Children Peace Initiative Kenya limewakutanisha watoto wa Wasamburu na Wapokot katika kambi za pamoja, na urafiki wa watoto ukawavuta wazazi hadi familia za pande mbili zikawa na ng'ombe wa kushirikiana. Ni vigumu kulivamia zizi ambalo ndama wako analala humo. Na hapo ng'ambo kidogo, karibu na Archer's Post, wanawake wa Kisamburu wakiongozwa na Rebecca Lolosoli walianzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990 baada ya kukataa kuendelea kupigwa na kunyamaza. Wanaishi kwa kuuza shanga. Msafiri anayetoka mjini Isiolo kwenda kununua ushanga wao anapita Ngaremara kwanza.

Kuna wanaosita kwa kuogopa sheria. Katiba ya 2010 iko upande wenu. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka ya umma, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Kwa maandamano au mkutano wa hadhara, sheria inadai mumjulishe kwa maandishi mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku kumi na nne kabla. Ni taarifa mnayotoa, si ruhusa mnayoomba. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na kinaweka mpaka wake wazi: uchochezi wa vita, wa ghasia na maneno ya chuki hayalindwi. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi yeyote haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Hiyo nayo ni namna ya kusema amani. Kundi la wanawake wa Ngaremara na kundi la wanawake wa kijiji jirani wakiandika ombi moja, na kulitia sahihi pamoja, wakidai kisima kichimbwe mahali fulani na kitumiwe na wote kwa zamu, basi watakuwa wameondoa sababu moja ya vita kwa karatasi mbili.

Nisizunguke juu ya hatari. Anayesema na watu wake mwenyewe huitwa msaliti. Ataulizwa amelipwa na nani. Kwa hiyo asiende peke yake. Nendeni wawili, watatu, na mzee mmoja mnayemheshimu. Msitaje watu hadharani kwa majina, na habari za silaha zipelekwe kwa njia ya siri kwa anayestahili kuzipokea. Na mkialikwa kwenye semina ya amani, nendeni, ila mpime faida yake kwa mbuzi waliorudi na watoto waliobaki shuleni. Fulana nyeupe na posho ya siku moja hazitoshi, na watu wetu wamekwisha kuchoka kuhesabiwa katika ripoti za mikutano.

Kila Septemba 21 ni Siku ya Kimataifa ya Amani. Napendekeza mwaka huu Ngaremara isiisubiri hotuba kutoka mjini. Kila kijiji kilete wimbo mmoja mpya uliotungwa na wasichana wake, unaomsifu mtu aliyerudisha mali ya jirani. Waalikeni Wasamburu wa ng'ambo ya mto walete wao, Waborana na Wasomali walete wao, Wameru walete wao. Wenye maziwa walete maziwa, wenye viazi walete viazi. Soko likae siku nzima. Jioni, wazee na akina mama wakae pamoja waseme ni mifugo ipi haijarudi tangu mwaka jana, na nani ataifuata. Agosti 2027 tutapiga kura tena, na watakuja wenye magari ya vioo vyeusi kutukumbusha nani ni nani. Tukiwa na nyimbo, kuta, nambari za simu na kikao chetu tayari, watakuta tumeshazungumza.

Wewe unayesoma haya una mpwa, mdogo wako, au mtoto wa jirani ambaye umemsikia akisema maneno yasiyofaa juu ya watu wa kabila jingine. Unamjua kwa jina. Usimwachie chifu. Mwite leo jioni, mkae chini mzungumze, na kesho mwende pamoja kununua kitu kwa yule aliyekuwa akimsema.